Barabara Tuliyoila

Mpaka leo nikisikia harufu ya yale maua ya njano machungu yakiwa yamekatwa, mimi huziba pua. Ni maua yanayoota kando ya njia kila mahali Kisii na Nyamira, na mgeni akiyaona kwa mbali husema ni mazuri. Na aseme, kwa kuwa hajawahi kuyakata. Tawi lake likikatwa hutoa harufu kali inayoganda mikononi, na hata ukinawa kwa sabuni ya kufulia bado utaila pamoja na ugali wako. Baba alikuwa nayo mikononi kila majira ya mvua. Tulipoketi kula, naye akinyoosha mkono kumega tonge, niliisikia ikipita juu ya harufu ya mboga ya chinsaga iliyolazwa kwenye maziwa, na hamu ya chakula ikaniisha. Changanya harufu hiyo na matope mekundu yaliyokanyagwa na ng'ombe, maganda ya ndizi yaliyooza, na mkojo wa walevi waliojisaidia palepale kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kujibanza pembeni, na utakuwa umeijua njia ya kwetu. Wengine wakisimulia utoto wao huanza na harufu ya mvua ya kwanza au ya maandazi ya nyanya yao. Mimi nimepewa hiyo, na sina nyingine.

Nasema njia, lakini ilikuwa barabara. Kijiji chetu kiko juu ya mgongo wa kilima upande wa Marani, na babu yangu alipokuwa kijana, lori la kuchukua pareto lilikuwa likipanda kutoka sokoni, likapita mbele ya nyumba zote, likageuka penye kisima na kurudi. Mimi sikuliona lori hilo. Nilichokiona ni kalvati. Katikati ya migomba ya Mzee Omwenga, jirani yetu wa ng'ambo ya njia, kulikuwa na bomba pana la saruji lililofunikwa na majani makavu, na sisi watoto tuliingia ndani yake kujikinga mvua. Siku moja nilimuuliza Mama kwa nini mtu ajenge kalvati ndani ya shamba la ndizi. Akacheka kwa pua, kama alivyocheka jambo likimchukiza, akasema, "Kalvati halijahama, mwanangu. Migomba ndiyo iliyolifuata."

Sasa nieleze jinsi migomba inavyoifuata barabara, maana mtu asiyekulia kwetu anaweza kudhani natia chumvi. Babu alikuwa na wana wengi na shamba moja. Kila mwana akapewa kipande, naye akazaa wana, na kile kipande kikakatwa tena, mpaka ukisimama mlangoni kwako asubuhi unasikia jirani akisukutua. Mashamba yalishuka mtoni kama riboni, membamba marefu, na yote yalianzia juu, barabarani. Upande wa chini kulikuwa na mto, huwezi kuusogeza. Kushoto na kulia kulikuwa na ndugu zako, na ndugu ukimsogezea mpaka atakuja na panga. Barabara peke yake ndiyo haikuwa na panga. Basi kila mvua ilipoanza, Baba alikata matawi ya yale maua machungu na kuyachomeka nje ya ua wetu, upande wa barabara, hatua ndogo tu mbele. Yale maua hayana adabu, ukiyachomeka yakiwa bado yanatoa maji yanashika. Yakishashika na kuwa mazito, Baba aling'oa ua wa zamani kwa ndani na kupanda majani ya nepia ya ng'ombe mahali pake. Hakuna mtu aliyewahi kusema siku fulani ua ulisogea, kwa sababu hakuna siku uliyoonekana ukisogea.

Mzee Omwenga naye alikuwa akifanya hivyohivyo kutoka upande wake, ila yeye alipenda nguzo za mkaratusi na seng'enge. Walikutana hapo alfajiri, kila mmoja na panga lake, wakaamkiana kwa heshima na kuulizana hali ya ng'ombe. Wote wawili walikuwa wazee wa kanisa. Siku ya Sabato tulitoka sote kwa mstari, mmoja nyuma ya mwingine kwa kuwa wawili hawakuweza kutembea sambamba, wanawake wakikunja magauni meupe yasinaswe na seng'enge, na mbele kabisa Baba na Mzee Omwenga wakiongoza wimbo. Nikiwa mdogo nilidhani ndivyo watu wa Mungu wanavyotembea. Nilipokua kidogo nilianza kuona jinsi kila mmoja wao, akiimba, anavyoutupia jicho ua wa mwenzake, na wimbo wenyewe ukanichosha.

Mama hakuwa wa kule. Alizaliwa Nyansiongo, kwenye mashamba makubwa yaliyokuwa ya walowezi, ambako barabara zilipimwa kwa kamba na zikabaki zilivyopimwa. Gari la maziwa lilifika mlangoni kwao kila asubuhi. Alipoolewa kwetu, aliniambia, walishuka sokoni na sanduku lake, na shangazi zake wakasimama wakitafuta barabara ya kwenda kwa bwana harusi, kumbe walikuwa wameshaikanyaga. Hakuacha kusema juu ya hilo. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, na maneno yake yalikuwa ya kuchoma polepole. Baba akiingia na matawi begani, alimwambia, "Leo umelima serikali ya upande gani, mzee?" Baba alijibu kwamba anawatafutia wanawe mahali pa kujenga. "Watajenga," Mama alisema, "na wakiugua watatokea wapi?" Hapo Baba alitia pamba masikioni na kuomba maji ya kunawa.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa karibu kumaliza shule ya msingi, na Mama alikuwa na mimba. Haikuwa mimba njema. Miguu ilivimba mpaka akaacha kuvaa viatu, na mkunga aliyemzalisha alipotuzaa sisi wengine alimtazama, akamwambia wazi kwamba huyu wa sasa azaliwe hospitalini. Hospitali maana yake ni gari, na gari maana yake ni sokoni, huko chini, baada ya njia yote ile. Mama alianza kuizungumzia barabara kila siku. Hakuwa akitania tena. Alimwambia Baba aongee na Omwenga, warudishe nyua zao nyuma japo kwa msimu mmoja, pikap iweze kufika. Baba alisema Omwenga akianza yeye atafuata. Omwenga, nilisikia kwa masikio yangu, alisema vilevile.

Majira hayohayo ndipo serikali ilipotangaza kuhesabu watu. Chifu aliita baraza uwanjani pa shule, akasema jambo moja ambalo lilikichanganya kijiji kizima kwa furaha. Alisema barabara hupelekwa palipo na watu wengi. Ah, watu wengi ndio tuliokuwa nao. Wazee walisimama wakajipiga kifua. Tangu siku ile ikawa kila nyumba inatuma ujumbe mjini na mashamba ya chai, walio mbali waje kulala nyumbani siku ya kuhesabiwa. Wakaja. Binamu ambao hatukuwajua walilala jikoni kwetu, juu ya magunia, wakatapika pombe ya busaa kando ya mlango. Choo chetu kilijaa kikafurika, na maji yake yakatiririka hadi njiani, na njiani hapakuwa na pa kurukia. Tuliyavuka kwa miguu, tukacheka, tukaambiana kwamba mwezi ujao tutakuwa tunavuka kwa gari. Mimi nilikuwa nikifunga pumzi. Mpaka leo sijasahau kundi lile la watu waliofurahia wingi wao huku wakikanyaga uchafu wao wenyewe.

Karani wa kuhesabu alifika kwetu amebeba viatu mkononi, kijana wa kutoka mjini, matope yamempanda hadi magotini. Baba alimkalisha kwenye kiti kizuri na kuanza kutaja watu. Aliwataja waliokuwepo, akawataja waliokuwa wamekwisha kuondoka, na alipomaliza akaelekeza kidole kwenye tumbo la Mama. "Na huyo," akasema. Karani akacheka, akasema huyo bado, mzee. "Andika tu," Baba akasema, "atakuwa amezaliwa kabla hujafika Marani." Binamu walicheka sana. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, miguu yake iliyovimba imenyoshwa mbele. Alimwambia karani kwa sauti yake ileile ya chini, "Usimwandike. Kwanza umwambie baba yake akuonyeshe atakakopitia." Karani alifunga daftari lake. Alivaa uso wa kazi, akaaga, na tukamsikia njiani akimtukana mtu au tope, sikujua ni kipi.

Haukupita muda, chifu akaleta mpimaji. Ninachoweza kusema kwa heshima ya mtu yule ni kwamba alikuja kweli, na ramani yake ilikuwa na barabara. Ilipita pale ilipopita zamani, juu ya kalvati la kwenye migomba. Kijiji kizima kilimfuata nyuma kwa shangwe, watu wamebanana mle njiani wakikanyagana vidole. Akasimama kati ya ua wetu na wa Omwenga, akashika kiuno kwa mikono yote miwili, na viwiko vyake vikagusa pande zote. Akauliza barabara iko wapi. Kisha watu wakaanza kuongea kwa pamoja, na wote walikuwa wanaitaka barabara, wallahi hakuna aliyeikataa, ila kila mmoja aliitaka ipite kwa mwenzake. Baba alisema upande wa Omwenga ndio uliotoka nje. Omwenga alisema ua wake uliwekwa na marehemu baba yake, na yeye hawezi kung'oa mkono wa marehemu. Mpimaji alisikiliza kwa muda, akakunja ramani, akamwambia chifu, "Hawa watu wamekula barabara yao wenyewe. Nikiwaletea nyingine wataila." Aliposhuka kilima watu walisema ametaka hongo. Mama alikuwa amesimama mlangoni, mkono kiunoni, akaingia ndani.

Uchungu ulimshika mchana, siku ya mvua. Kwetu mvua ina saa zake, hunyesha alasiri ikiwa na mawe, na siku hiyo ilianza mapema. Mkunga aliingia chumbani, akatoka upesi mikono ikiwa na damu, akasema, "Huyu si wangu tena. Mpelekeni." Mtu akatumwa sokoni kumsimamisha mwenye pikap. Na hapa niwape watu wetu haki yao, kwamba walikuja. Walikuja wengi sana. Kila nyumba ilitoa wanaume, wakajaa uani, wakambeba Mama juu ya kitanda chake cha mbao kama desturi yetu ilivyo, amefunikwa blanketi na karatasi ya nailoni. Baba alishika pembe moja ya upande wa kichwa. Mzee Omwenga alikuja akikimbia bila kofia, akashika pembe ya pili. Nilimpenda wakati ule. Mimi nilifuata nyuma pamoja na mkunga, nikiwa nimebeba kikapu cha nguo za mtoto.

Walikuwa wengi, lakini wingi huo haukusaidia kitu, kwa sababu njia haikuruhusu wawili kutembea sambamba, na kitanda hubebwa na wawili mbele na wawili nyuma. Walikiinua juu ya vichwa, wakatembea ubavuubavu, nguo zikinaswa, mtu mmoja akateleza na kitanda kikainama upande, Mama akalia. Wengine waliobaki nyuma walikuwa wakipiga kelele za ushauri. Tulipofika penye kona, pale nguzo za Omwenga zilipokutana na ua wetu, kitanda kikakwama. Hakikupita kwa mbele wala kwa nyuma. Mtu mmoja akasema, "Fyekeni huu ua." Mapanga yalikuwepo, kwetu mwanaume hatembei bila panga. Baba, akiwa bado ameshika kitanda, akasema, "Fyekeni wa Omwenga, ndio uliotoka nje." Na Omwenga, mvua ikimtiririka usoni, akajibu, "Wangu una nguzo, mzee. Wako ni majani tu." Baba akasema majani hayo yana mwenyewe. Omwenga akasema na nguzo vilevile. Wote wawili walikuwa wamembeba mama yangu. Wanaume waliosimama pale na mapanga yao walitazamana, na hakuna aliyethubutu kukata, kwa maana akikata wa huyu ameshakuwa adui wa huyu.

Ni Mama aliyemaliza ugomvi ule. Alisema, "Niwekeni chini." Hawakusikia, akarudia. Wakamteremsha. Akasimama kwenye matope, akashika ua wetu kwa mkono mmoja na seng'enge ya Omwenga kwa mkono wa pili, akapita katikati kwa miguu yake, polepole, na damu ikifuata nyuma ikichanganyika na maji ya mvua. Wanaume wakakipitisha kitanda kwa kukisimamisha wima. Upande wa pili akalala tena. Aliponiona nimebana kikapu kifuani aliniambia nikifunike nguo zisilowe. Sikumsikia akisema kitu kingine. Tulikuwa tumeshaanza kusikia injini ya pikap ikinguruma sokoni, mwenyewe hakutaka kuizima asije akashindwa kuiwasha, wakati mkunga alipoomba kitanda kiwekwe chini tena, na safari hii kikabaki chini. Mtoto alikufa pamoja na Mama.

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo walikata nyua. Hata mtu mbaya ungetarajia aone aibu. Kwetu mume huzikwa kulia kwa nyumba yake na mke kushoto. Nyumba yetu ilitazama ua wa ndugu wa pembeni, kwa hiyo kushoto kwake ndiko barabarani. Alfajiri ya siku ya mazishi niliamshwa na ile harufu. Nilitoka nikamkuta Baba, macho yamevimba kwa kulia, na ninasema alilia kweli, akichomeka matawi mapya mbele ya ua wa zamani. Kisha akawaonyesha wachimbaji pa kuchimba. Walichimba kati ya ua wa zamani na ule mpya, kwenye udongo mgumu wenye kokoto, na wachimbaji wakalalamika kwamba jembe haliingii. Lisingeingia. Ilikuwa ardhi ya barabara, iliyoshindiliwa na lori la pareto. Mama akazikwa hapo na mtoto wake, na wazee waliosimama kando walitikisa vichwa kwa kuridhika. Mmoja aliyekuwa karibu nami alimwambia mwenzake kwa sauti ya chini kwamba mzee amefanya akili, maana kwetu kaburi haling'olewi, na atakayetaka barabara sasa atamkuta mong'ina amelala. Mong'ina ndivyo tunavyomwita mama wa watu kwa heshima. Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikakaa huko mpaka watu wakatawanyika.

Omwenga hakukubali kuachwa nyuma. Alipofiwa na kaka yake alimzika nje ya nguzo zake. Wengine wakaona, wakaiga, na kadiri miaka ilivyokwenda, barabara ya lori ikawa na makaburi pande zote, yamesakafiwa kwa saruji safi, yamepakwa rangi. Watu wetu hawana pesa ya choo cha saruji lakini kaburi wanasakafia. Niliondoka kwenda shule ya bweni, nikaolewa Suneka, na kila niliporudi kuwasalimu nilikuta njia imebana zaidi na watu wameongezeka zaidi. Baba alizeeka akiwa ameridhika. Alipokufa alizikwa kulia, upande wa ndani, penye kivuli, mbali kabisa na miguu ya wapita njia.

Sasa lami imefika sokoni. Ukitoka Suneka asubuhi unafika hapo kabla chai haijapoa tumboni. Kijijini kila mtu ana simu, kila nyumba ina taa ya sola, na vijana wana pikipiki wanazozilaza sokoni kwa sababu haziwezi kukutana mbili njiani. Uani kwa Baba kuna nyumba za matofali za kaka zangu na za wana wao, mabati yamegusana, maji ya paa moja yanaingia dirisha la nyingine. Tulikuwa wengi zamani tukajisifu, na sasa tu wengi maradufu na tunajisifu vilevile. Mwaka huu kaka yangu Ombati, anayenifuata kuzaliwa, alinipigia simu, sauti tamu kupita kiasi. Akasema watu wa kaunti wamekuja na vigingi vyekundu, wanataka kufungua barabara ya zamani kwa greda. "Njoo, dada," akasema. "Wewe ndiwe mtoto wa kwanza wa Mama. Ukisema kaburi lisiguswe, watasikia."

Nikaenda. Nilimkuta mhandisi amesimama penye kona ileile, na umati nyuma yake, na kati ya umati binti wa Ombati, aliyepewa jina la Mama, Kwamboka. Mume wake yuko Nairobi akitafuta riziki, naye amerudi kwao kujifungua. Tumbo lake lilikuwa limeshashuka, na nilipotazama miguu yake nikaona kandambili za mwanaume, kwa sababu miguu haikuingia kwenye kitu kingine. Mhandisi aliuliza nani mwenye kaburi. Nikasema ni mama yangu, na nikamwambia amtoe. Nilisema nitamzika tena kwa mikono yangu, ndani, kando ya Baba, na greda lipite. Minong'ono ikapanda. Ombati hakupaza sauti. Alinitazama kama unavyomtazama mgeni aliyeketi kwenye kiti kisicho chake. "Dada, wewe umeolewa Suneka," akasema. "Kaburi la hapa si lako." Nilimuuliza kwa nini basi aliniita. Mhandisi akamwambia chifu kwamba yeye hagusi kaburi ambalo wenyewe wanaligombania, wakapatane kwanza, akaondoka. Watu walimsindikiza wakisema ametaka hongo.

Nililala kwa Ombati, kwa sababu ni kaka yangu na kwa sababu ya Kwamboka. Alfajiri nilisikia ile harufu ikiingia dirishani. Sikuhitaji kutoka ili nijue, lakini nilitoka. Vigingi vyekundu vilikuwa vimeng'olewa na kulazwa pamoja kwa unadhifu kando ya choo, na mbele ya kaburi la Mama, kwa upande wa njia, kulikuwa na mstari mpya wa matawi, yakitoa maji mahali yalipokatwa. Nilirudi ndani nikamwamsha Kwamboka. Nilimwambia afunge nguo zake na za mtoto kikapuni, kwamba atakaa kwangu Suneka mpaka ajifungue, na kwamba tunatoka sasa, kwa miguu, akiwa bado anaweza. Hakubisha. Nadhani alikuwa akingoja mtu amwambie hivyo tangu zamani.

Penye kona njia haikututosha. Upande mmoja kulikuwa na nguzo za wana wa Omwenga, upande wa pili saruji ya Mama na yale matawi mapya. Kwamboka aligeuka ubavu, tumbo halikupita. Akaweka mkono juu ya kaburi la nyanya yake ajisukume, akasimama hivyo, akinitazama, akihema. Zamani hatukuwa na gari, wala lami, wala simu ya kuliitia gari, na mtu angeweza kusema ni umaskini. Sasa vyote vipo pale chini, ningeweza kuviona nikitazama, na mtoto wa kaka yangu amekwama mahali palepale alipokwama mama yangu. Nikaweka chini kikapu cha nguo za mtoto, nikashika tawi la kwanza nikaling'oa. Halikuwa limeshika. Nikang'oa la pili. Niling'oa mstari mzima wa mbele ya Mama, mikono ikajaa ile harufu, na njia ikapanuka kiasi cha tumbo la mwanamke, Kwamboka akapita.

Nilipoinua kichwa nilimwona Ombati amesimama uani, mswaki mdomoni, ananitazama bila hasira yoyote.

"Dada," akasema, "tutapanda tena."

"Najua," nikamwambia, na nikaendelea kung'oa.